Sura ya Sita: Simama Pale Hesabu Inapovunjika

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulijua mapema kwamba Ugogo hapapitwi bure. Kila mtemi mwenye maji na njia alidai hongo yake: nguo, shanga, waya wa shaba. Msafara ulitua, wazee wakakaa, bei ikavutwa huku na huku, siku moja ikazaa tatu. Mizigo ilipofungwa upya na safari kuanza, mtemi wa pili alikuwa anangoja mbele. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Tabora, ambayo wao waliiita Kazeh, tarehe 7 Novemba. Zilikuwa siku 134 kwa njia ambayo Burton aliikadiria kuwa maili 600. Maradhi yalikula sehemu ya siku hizo, wapagazi waliotoroka wakala nyingine, na hongo nayo ikala yake.

Brekipointi ya kawaida, ile unayoweka kwa kubofya pembeni mwa mstari wa msimbo, ni hongo ya Ugogo. Kila anayepita husimamishwa, awe na kosa au asiwe nalo. Kama mstari huo unapitwa mara tatu, hakuna neno. Ukipitwa mara laki mbili, utabonyeza “endelea” mpaka kidole kife ganzi, na msafara wenye kosa utakuponyoka ukiwa umeshachoka kutazama.

Debaga nyingi za leo zina mlango mwingine: unaweza kuzipa skripti. Badala ya kusema “simama hapa,” unaandika kanuni inayosema “hapa, tazama jambo hili, na usimame likiwa hivi.” Sura hii inafundisha kuandika kanuni hiyo. Dai langu ni moja: kuandika skripti ya debaga kunakulazimisha kuuliza swali kamili kabla ya kuanza kutazama, na kasoro nyingi huwa zimepoteza nusu ya nguvu yake swali linapokamilika.

Programu ya mfano

Tuna programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C, inaitwa `misafara`. Inaigiza misafara 10,000 ya kubuni kati ya 1860 na 1880, kila mmoja ukipita vituo 20 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Majina ya vituo si ya kubuni. Mpwapwa imo, Kilimatinde imo, Tura, Rubuga, Tabora na Uvinza zimo. Kila msafara una namba yake, mwaka wake, idadi ya wapagazi, na uzito wa mizigo kwa frasila. Frasila moja ni takriban kilo 16, na mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, akiongeza juu yake chakula na mkeka wake mwenyewe.

Programu inakwenda mpaka mwisho bila kuanguka wala kutoa onyo. Lakini katika jedwali la mwisho kuna misafara iliyofika Ujiji ikiwa na frasila 12 kwa kila mpagazi. Hizo ni karibu kilo 200 begani mwa mtu mmoja. Hakuna Mnyamwezi, hata katika simulizi za majigambo, aliyewahi kubeba mzigo huo.

Kasoro za namna hii ndizo zinazosumbua kuliko zote. Programu inapoanguka, walau inakuonyesha mahali ilipoangukia. Hii imemaliza safari kwa heshima na kutoa jibu la uongo. Kila kituo hupita kwenye fanksheni moja, `vuka_kituo`, inayopokea kielekezi cha msafara, `m`, na kituo, `k`; na misafara 10,000 ikipita vituo 20, fanksheni hiyo inaitwa mara 200,000. Kuweka brekipointi ya kawaida hapo ni kujitafutia hongo laki mbili.

Kusimama kunatendekaje

Kabla ya skripti, tujue tunachokiendesha. Wazo lenyewe ni la zamani karibu sawa na kompyuta za elektroniki. Anayehesabiwa kuwa mwasisi wake ni Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioiandalia programu mashine ya ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma huko Philadelphia mwaka 1946. Katika mashine ile amri zilipita kwenye nyaya. Ukichomoa waya unaopeleka amri ya hatua inayofuata, hesabu inakwama papo hapo, nawe unasoma namba kwenye taa.

Leo hatuchomoi waya. Kwenye prosesa za jamii ya x86, debaga huchukua baiti moja mwanzoni mwa agizo ulilolichagua, huiweka kando, na kuandika mahali pake baiti ya thamani 0xCC. Prosesa ikifika hapo hukuta agizo la mtego. Hukatisha programu na kukabidhi usukani kwa mfumo endeshi, nao humwamsha debaga. Ukisema “endelea,” debaga hurudisha baiti ya asili, huacha agizo moja litekelezwe, huweka mtego tena, kisha huiachia programu.

Kumbuka mzunguko huo, kwa sababu ndiyo gharama. Hata brekipointi yenye sharti, ambayo kwa macho yako haikusimama, kwa kawaida imesimama: mtego umelia, debaga ameamka, amepima sharti, ameona halijatimia, ameruhusu safari. Skripti hufanya vivyo hivyo. Kinachoondoka ni mkono wako na macho yako, si kusimama kwenyewe.

Kanuni ya kwanza: kagua mizigo

Tutatumia GDB, debaga ambayo Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986 katika mradi wa GNU. Kwa miaka mingi ilikuwa na lugha yake fupi ya amri. Toleo la 7.0 la mwaka 2009 likaleta Python ndani yake, na katika matoleo yaliyofuata brekipointi ikawa kitu unachoweza kukiundia tabia.

Kwanza tunaandika swali kwa Kiswahili: *msafara unapoingia kituoni, je, mizigo imezidi frasila mbili kwa kila mpagazi?* Halafu tunaliandika kwa Python, kwenye faili `ulinzi.py`:

```
import gdb

class UlinziWaMizigo(gdb.Breakpoint):
    def stop(self):
        f = gdb.selected_frame()
        m = f.read_var("m").dereference()
        frasila = int(m["frasila"])
        watu = int(m["wapagazi"])
        return frasila > 2 * watu

UlinziWaMizigo("vuka_kituo")
```

Tunajenga programu kwa alama ya `-g` ili majina yetu yabaki ndani yake, na bila kuomba uharakishaji, kwa maana kikusanyi kinachoharakisha msimbo kinaweza kuziyeyusha fanksheni ndogo au kuzifuta thamani unazotaka kuzisoma. Kisha tunaita `gdb -x ulinzi.py ./misafara` na kuandika `run`.

Kiini kiko kwenye `stop`. GDB huiita kila mtego unapolia. Ikirudisha kweli, programu inasimama na wewe unaitwa. Ikirudisha si kweli, msafara unapita na wewe hujui kama kuna aliyepita. Ndani yake kuna Python kamili: unaweza kulinganisha, kuhesabu, kuandika kwenye faili, kukumbuka kilichotokea mara iliyopita. Sharti la kawaida la debaga haliwezi hayo yote. Nalo huwezi kulichanganya na hili: brekipointi yenye `stop` ya Python haikubaliwi kuwa na sharti la kawaida juu yake.

Tukiendesha, GDB inasimama. Tunatazama: msafara fulani wa mwaka 1873, unaingia kituo kimoja baada ya Tabora, wapagazi wachache, mizigo tele.

Kosa linapoonekana na kosa linapozaliwa

Mtu mwenye haraka ataanza kukagua kituo hicho baada ya Tabora. Atapoteza mchana mzima. Brekipointi yetu inakagua msafara *unapoingia* kituoni, kwa hiyo inachokiona ni kazi ya kituo kilichotangulia. Hesabu ilikuwa nzima msafara ulipoingia Tabora, na imevunjika ulipoingia kituo kinachofuata. Basi imevunjikia Tabora.

Ila huo ni msafara mmoja, na kisa kimoja kinaweza kuwa bahati mbaya. Hapa skripti inatoa kitu ambacho kubofya hakiwezi kutoa kamwe: brekipointi isiyosimamisha mtu.

```
rekodi = {}

class Mwandishi(gdb.Breakpoint):
    def stop(self):
        f = gdb.selected_frame()
        m = f.read_var("m").dereference()
        namba = int(m["namba"])
        mbovu = int(m["frasila"]) > 2 * int(m["wapagazi"])
        if mbovu and namba not in rekodi:
            rekodi[namba] = (int(f.read_var("k")), int(m["mwaka"]))
        return False

Mwandishi("vuka_kituo")
```

Hii hurudisha si kweli daima. Programu inakwenda mwanzo hadi mwisho, na kila msafara mbovu unaandikwa mara moja tu, pamoja na kituo ulipoonekana kwa mara ya kwanza na mwaka wake. Ukiunganisha fanksheni ya kuchapisha na tukio la `gdb.events.exited`, orodha inatoka yenyewe programu inapomaliza.

Katika programu yetu orodha inasema mambo mawili. Misafara yote mibovu imeonekana kwanza kwenye kituo kinachofuata Tabora. Na hakuna hata mmoja wa kabla ya 1871.

Hapo historia inaingia kazini. Tabora haikuwa kituo kama Tura au Rubuga. Ilikuwa njia panda: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini kwenda Ufipa na Katanga. Misafara ilipumzika hapo kwa wiki au miezi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliofika kwao walilipwa na kuondoka, na wengine wakaajiriwa kwa safari ya mbele. Aliyekosa wapagazi alikwama. Mmisionari David Livingstone alibaki Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, tangu mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Machi 1872 hadi Agosti mwaka huo, akingoja watu ambao Stanley alimtumia kutoka pwani.

Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Urambo iko magharibi ya Tabora, juu ya njia ya Ujiji, na njia hiyo ikafungwa. Stanley mwenyewe, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika Septemba mwaka huo kuzunguka kwa kusini ili afike Ujiji.

Aliyeandika programu yetu aliijua habari hiyo. Kuanzia 1871, baadhi ya misafara yake huchukua njia ya kusini. Sasa tunaweza kuingia Tabora tukiwa na swali jembamba. Tunasimamisha msafara mmoja wa kwenye orodha, kwenye kituo cha Tabora peke yake, kisha tunamwambia debaga achunge sehemu ya kumbukumbu inayoshika idadi ya wapagazi na asimame kila inapoandikwa. Prosesa za x86 zina rejista nne maalumu kwa ulinzi wa aina hii, kwa hiyo kazi inafanywa na chuma chenyewe na haigharimu mtego kwenye kila mstari.

Inaandikwa mara moja: wapagazi waliomaliza mkataba wanaondolewa. Kisha tunangoja maandishi ya pili, ya kuajiri wapya, na hayaji. Tukifuata msimbo tunaona sababu. Mstari wa kuajiri umewekwa ndani ya tawi la njia ya magharibi. Njia ya kusini ilipoongezwa baadaye, mwandishi wake alikumbuka kubadili vituo na kusahau kwamba hata aendaye kusini anawaaga watu wake Tabora. Marekebisho ni kuutoa mstari mmoja nje ya tawi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika programu kuna shida kabla ya hiyo: ufa uko Tabora na ukuta unaangukia Ujiji, kwa hiyo fundi huenda na udongo wake mahali pasipo na ufa. Orodha ya misafara mibovu ndiyo iliyoturudisha nyuma, na isingepatikana kwa kubofya.

Adabu za skripti

Uhuru huu una masharti. La kwanza: ndani ya `stop`, tazama na uamue, basi. Mwongozo wa GDB unakataza kuendesha programu hatua kwa hatua humo, kuhamia fremu nyingine, au kuongeza na kufuta brekipointi. Debaga wakati huo yuko katikati ya kuamua, na kumbadilishia mambo mikononi huleta matokeo yasiyotabirika. Kama unahitaji kutenda jambo baada ya kusimama, liunganishe na tukio la `gdb.events.stop`, ambalo huja uamuzi ukishapita.

La pili ni gharama. Mitego 200,000, kila mmoja ukiiamsha Python, inaweza kugeuza programu ya sekunde moja kuwa ya dakika nyingi. Dawa ya kwanza ni kuhamisha brekipointi mahali panapopitwa mara chache. Katika mfano wetu, baada ya kujua kwamba Tabora ndiyo yenye neno, hatuna sababu ya kukagua vituo vingine 19. Tunaiweka kwenye fanksheni inayoshughulikia Tabora tu, na mitego inabaki 10,000.

La tatu ni kwamba ukaguzi hubadilisha kinachokaguliwa. Programu yenye kazi kadhaa zinazokwenda sambamba, zikigombea data moja, inaweza kupona kabisa ukiichelewesha. Kasoro iliyotegemea nani amefika kwanza inatoweka kwa sababu debaga amempunguza mwendo mmoja wao. Kwa kasoro hizo skripti ya brekipointi si chombo sahihi, na kumbukumbu nyepesi zinazoandikwa na programu yenyewe hufaa zaidi.

La nne: hakikisha safari inarudiwa ileile. Kama misafara yako inazalishwa kwa namba za bahati nasibu, funga mbegu ya bahati nasibu hiyo kwenye thamani moja. Bila hivyo, msafara uliouandika jana haupo leo.

La tano ni zito kuliko yote. Skripti huona kile tu ulichokipa jina. Jedwali letu linahesabu wapagazi na frasila. Njia ileile ilipitwa na watu waliofungwa na kupelekwa pwani kuuzwa, na ndiyo sababu Tanzania iliiingiza mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ikiwamo. Programu yetu haina safu ya watu hao. Unaweza kuipekua kwa brekipointi elfu moja, zote zikasema hesabu ni nzima, na bado ikawa imeacha nje jambo kubwa kuliko yote yaliyopita njia ile. Debaga hukagua kama msimbo unatii kanuni zako. Kama kanuni zenyewe zinatosha, hilo hawezi kukuambia.

Kwenye debaga nyingine

Wazo ni lilelile ukihama. LLDB, debaga ya mradi wa LLVM, nayo inaongea Python. Huko unaomba brekipointi kwa `BreakpointCreateByName`, au `BreakpointCreateByRegex` ukitaka kushika fanksheni zote zenye majina yanayofanana, kisha unaipa fanksheni yako kwa `SetScriptCallbackFunction`. Nayo ikirudisha si kweli, safari inaendelea.

Anayeandika Python tupu hahitaji kwenda mbali. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018, neno `breakpoint()` limo ndani ya lugha. Unaliweka chini ya `if` yoyote, na ukitaka kuzima yote bila kugusa msimbo unaweka `PYTHONBREAKPOINT=0` kwenye mazingira ya programu. Anayetaka udhibiti zaidi atumie moduli ya `bdb`, ambayo `set_break` yake hupokea jina la faili, namba ya mstari na sharti.

Skripti baada ya kasoro kufa

Wengi huifuta skripti siku kasoro inapopatikana. Ni hasara. Brekipointi ya kubofya hufa pamoja na dirisha lako. `ulinzi.py` ni maandishi: inaweza kuhifadhiwa pamoja na programu, kutumwa kwa mwenzako aliyeko mji mwingine, na kuendeshwa kesho kwenye toleo jipya. Anayeisoma anajua ulitafuta nini na ulikubali nini kuwa ni sawa.

Kisha panda ngazi moja. Kanuni uliyoiandika, kwamba mizigo isizidi frasila mbili kwa mtu, sasa unajua ni ya kudumu. Ihamishie kwenye majaribio ya programu, ili ikaguliwe kila msimbo unapobadilika, bila debaga kabisa. Siku mtu atakapoongeza njia ya kaskazini ya kwenda Buganda na kusahau kuajiri wapagazi, jaribio litamkatalia kabla hajapeleka kazi yake kwa mtu yeyote.

Zoezi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ongeza miaka hiyo kwenye programu, ili mizigo inayofika Tabora kwa treni ishuke hapo na kubebwa na wapagazi kwenda mbele. Kabla ya kugusa kibodi, andika kwa Kiswahili kanuni tatu ambazo lazima ziwe kweli treni inapoingia stesheni. Zigeuze kuwa brekipointi tatu zisizosimamisha. Kama kanuni mojawapo inakushinda kuiandika kwa Kiswahili, usiende kwenye Python bado. Hujaelewa reli yako.